Matundu Manane Chini ya Nyumba

Jumapili, 16 Machi
Mvua: hakuna.
Mguu wangu wa kulia umetumbukia sakafuni hadi gotini. Nilikuwa nikipita kwenye korido kwenda kuwasha redio. Ubao haukulia wala kupasuka, ulikubali tu kama keki. Nimekaa pale chini dakika ishirini hivi. Maumivu hayakuwa makubwa. Nilikuwa nimefungua mdomo kuita, kisha nikatafuta ni nani ninayemwita.
Nimeosha mchubuko kwa maji ya chumvi na kulaza mlango mkuukuu wa stoo juu ya shimo. Becky, binti yangu, sitamwambia.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua: hakuna. Upepo wa vumbi kutoka mashamba ya ngano.
Micah, jirani anayeniletea maziwa, ameniona nikichechemea. "Gachanja, umepigwa na nani? Na bibi huna." Nimesema nilijikwaa. Ameangalia mlango uliolala koridoni, akamimina maziwa, akaenda.

Jumanne, 18 Machi
Mvua: hakuna.
Binti yangu amepiga simu kutoka Lanet. Bila shaka ni Micah.
"Baba, ungevunjika mguu ungeniambia lini? Kwa barua?"
Nimesema ni mchubuko tu.
"Hiyo ndiyo shida. Kwako kila kitu ni mchubuko tu. Sina njia ya kujua uko aje."
Tumekubaliana hivi, na ninayaandika ili nisiyapindue baadaye. Nitafute fundi anayezijua nyumba za zamani. Jumamosi ya pili ya Juni, mvua ikiwa imepungua, Becky atakuja. Fundi akisema nyumba inakalika, nitabaki. Akisema haikaliki, nitahamia Lanet kwa Becky, na nyumba itavunjwa mbao zikachukuliwe.

Jumatano, 19 Machi
Mvua: hakuna.
Kampuni iliyonunua shamba hili kwa mzungu iligawa ardhi kwa kura. Karatasi ya baba ilikuwa na nyumba juu yake, na watu walimpa pole, kwa sababu nyumba ilikuwa imekalia nusu ekari ambayo ingelimwa viazi. Wengine waliopata majengo ya mzungu waliyabomoa kwa ajili ya mbao. Baba hakubomoa. Alisema mbao za mtarakwa zilizokaa pamoja muda mrefu hivyo ni vibaya kuzitenganisha. Hiyo ndiyo nyumba ninayoishi: kuta za mbao, sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi za mawe, dohani la mawe, na mabati mazito ambayo siku hizi hayapatikani. Vyumba sita. Ninatumia viwili.

Jumatatu, 24 Machi
Mvua: milimita 3, ya kwanza.
Fundi amekuja. Anaitwa Jeruto, anatoka upande wa Mau, na amewahi kutengeneza nyumba za walowezi kule Ndabibi. Kwa jina nilijua ni mwanamke, lakini nilidhani atakuja na mwanamume wa kushika kazi. Ameshuka kwenye bodaboda na sanduku la vyombo, mwembamba, miaka arobaini na kitu.
"Fundi yuko wapi?" nimeuliza.
"Unamwangalia, mzee. Nionyeshe pahali nyumba ilikumeza."
Hakugusa nyundo. Amepita vyumba vyote akidunga kila ubao kwa bisibisi, akiweka alama kwa chaki: duara ni mzima, msalaba umeoza. Kisha ameketi kwenye baraza na kuomba chai.
"Hufanyi kazi?"
"Nangoja mvua. Hii kidogo haitoshi kunionyesha kitu."
Nimemwona mvivu.

Alhamisi, 27 Machi
Mvua: milimita 19.
Ilipoanza kunyesha amezunguka nyumba mara tatu bila mwavuli, uso juu, akitazama maji yanakoshukia. Ameingia akitiririka. Nimempa taulo la marehemu mke wangu Mugure, la bluu. Sikukusudia, ndilo lililokuwa karibu.

Jumamosi, 29 Machi
Mvua: milimita 11.
Leo Jeruto ameng'oa mbao mbili za koridoni na kuingia chini ya sakafu kwa tumbo, tochi mdomoni. Nilikuwa nikisikia sauti yake ikihama chini ya miguu yangu. Ametoka na utando wa buibui kwenye nywele.
"Mzee, huko chini ni kama ndani ya chungu. Unyevu, halafu hakuna hewa. Zile nyumba zote za Ndabibi ziko na matundu ya hewa kwa msingi, na nyavu za chuma. Ya hii yako wapi?"
Nimesema, "Sijui. Baba aliikuta hivi."
Ameutazama msingi, ule ukanda wa saruji uliopakwa rangi nyeusi kuzunguka nyumba yote. "Basi huyu mzungu alikuwa mjinga," amesema. "Kama haikujengewa matundu na imesimama miaka yote hiyo, shida ni maji ya juu. Nitaanza na paa na gata."
Nimekubali kwa kichwa.

Jumapili, 30 Machi
Mvua: milimita 6.
Nimeenda kanisani na kurudi. Hapa sina wa kumdanganya, kwa hiyo niandike. Matundu yapo. Ni manane, manne upande wa mashariki na manne magharibi. Niliyaziba mimi miaka sita iliyopita, Agosti, Mugure alipokuwa mgonjwa. Baridi ya hapa kwetu Njoro ya mwezi huo ilikuwa ikipenya katikati ya mbao, na alikuwa akilalamikia miguu. Kwa siku moja niliyajaza yote mawe na saruji, kisha nikapiga plasta ukanda mzima na kuupaka rangi nyeusi ili kazi isionekane ovyo. Jioni ile aliniambia, "Sasa miguu yangu imepata joto." Alifariki Oktoba.
Nilifanya kazi ya maabara katika shule ya sekondari miaka thelathini na moja. Chupa yenye unyevu ikifunikwa huota kuvu, hata kidato cha kwanza wanajua.

Ijumaa, 4 Aprili
Mvua: milimita 22.
Gata, ile mifereji ya bati ya paa, zimeshushwa. Zilikuwa zimejaa majani.

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua: milimita 17. Jeruto yuko juu ya paa.

Jumanne, 8 Aprili
Mvua: milimita 25. Hakuweza kupanda. Tumekula githeri ya mahindi na maharagwe. Anapenda iliyokauka kidogo chini ya sufuria.

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua: milimita 9.
Micah ameleta maziwa akasimama muda mrefu kuliko kawaida, akitazama viatu vya Jeruto mlangoni.
"Gachanja, naona sasa unachukua lita mbili."
Jeruto amemjibu kutoka juu ya ngazi. "Na wewe unaleta maji ngapi ndani ya hizo lita? Chai yetu ni rangi ya mvua."
Micah amecheka hadi akakohoa. Sikumbuki mara ya mwisho mtu alicheka kwenye uwanja huu.

Jumamosi, 19 Aprili
Mvua: milimita 31.
Ameweka mbao mpya koridoni na katika chumba cha nyuma, kile cha Mugure. Mbao alizikausha vizuri na kuzipiga randa hapa barazani. Harufu imeenea nyumba nzima. Amenifundisha kushika upande wa pili wa ubao bila kubonyeza. "Usikaze mkono, mzee. Hujaukamata ukiiba."

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili
Mvua: milimita 14.
Siku nzima peke yangu. Nimechemsha vikombe viwili vya chai kwa mazoea nikanywa vyote.

Jumatano, 30 Aprili
Mvua: milimita 38. Mfereji aliouchimba kuzunguka nyumba unapeleka maji bondeni vizuri.

Jumatatu, 5 Mei
Mvua: milimita 20.
Paa halivuji. Gata zinafanya kazi. Ndani, ukuta wa chumba cha nyuma bado ni baridi na mbichi ukiweka kiganja. Jeruto ameweka chake, akakitazama, akakiweka tena.

Jumanne, 13 Mei
Mvua: milimita 27.
Nimelala vibaya. Kila asubuhi najiambia nitamwambia wakati wa chai. Chai inaisha. Kuna sababu ya aibu, na kuna ya Mugure: nikiyafungua yale matundu ni kama ninamvua blanketi. Lakini kuna ya tatu, nayo sipendi kuiona kwa mwandiko wangu. Kazi ikichelewa, saa nne asubuhi ninakuwa na mtu wa kunywa naye chai.

Alhamisi, 22 Mei
Mvua: milimita 16.
Jeruto ameinua ubao mmoja kati ya zile mpya. Chini yake kuna kuvu nyeupe kama pamba. Ubao una mwezi mmoja.
Ameinua wa pili. Hivyo hivyo.
"Hizi mbao nilikausha mwenyewe," amesema. "Nilizipima. Mzee, sielewi."
Amekataa chakula.

Jumamosi, 24 Mei
Mvua: milimita 8.
Nitaandika yote ya leo kwa mpangilio.
Jeruto alifika saa mbili, akafungua sanduku lake na kuanza kupanga vyombo ndani badala ya kuvitoa. Nilimuuliza anakwenda wapi.
"Nampigia binti yako. Si tulisema nitamwambia ukweli? Nyumba haitengenezeki. Ama inatengenezeka, lakini si na mimi. Nimeziba maji ya juu, nimetoa ya chini, na bado inaoza. Kule Ndabibi waliniita wa mwisho wakati wengine wameshindwa. Pengine ilikuwa bahati tu. Pengine mimi ni seremala wa viti na nilijipandisha."
Aliyasema haya bila uchungu, kama mtu anayesoma orodha. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza. Mikono yake ina nyufa na ndani ya nyufa kuna vumbi la nyumba yangu. Nilifikiri: nikinyamaza sasa hivi, nitakwenda Lanet, nyumba itavunjwa, na watakapobomoa msingi wataona matundu manane yaliyojazwa. Wakati huo huyu mama atakuwa ameacha kazi yake.
Nikasema, "Matundu yapo."
"Nini?"
"Manane. Niliyaziba mimi."
Nilimweleza kuhusu Mugure, baridi, saruji na rangi nyeusi. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati. Alinisikiliza akiwa ameshika patasi. Nilipomaliza alisimama.
"Nilikuuliza, mzee. Kwa mdomo wangu. Nikiwa na buibui kwa kichwa."
"Uliniuliza."
"Wiki nane natambaa chini ya nyumba yako kama mjusi. Jana sikulala. Nilimwambia bwanangu labda nirudi kulima kabichi." Sauti ilipanda. "Na wewe ulikuwa hapo unanipakulia githeri!"
Nilisema pole.
"Pole gani? Bibi yako ningeelewa. Kwani mimi sina watu waliokufa? Ungesema tu, 'Jeruto, niliziba, bibi alikuwa anasikia baridi.' Ningekuambia ni sawa, leta tindo. Maneno matatu."
Ni zaidi ya matatu, lakini sikuhesabu mbele yake.
Aliondoka kwa miguu. Sanduku amechukua.

Jumapili, 25 Mei
Mvua: milimita 12. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 26 Mei
Mvua: milimita 4.
Hakuja. Micah ameuliza fundi yuko wapi. Nimemwambia nilimdanganya akakasirika. Ameduwaa na mtungi mkononi. "Wewe? Kwani unaongea kiasi cha kudanganya?" Kisha amesema, bila mzaha, kwamba alimpigia Becky ile siku kwa sababu aliogopa kunikuta asubuhi moja. Miaka yote nimemhesabu kama mdomo mrefu.

Jumanne, 27 Mei
Mvua: milimita 7.
Saa moja na nusu nimesikia pikipiki. Jeruto hakusalimia. Amesimama mbele ya ukanda mweusi, tindo mkono mmoja, nyundo mwingine.
"Wapi?"
Nilikuwa na vipimo. Siku niliyoziba niliviandika, kwa kuwa ninaandika kila kitu. Futi nne kutoka pembeni, kisha kila futi sita. Nimechora alama kwa chaki yake. Amenipa nyundo. "Ulifunga mwenyewe. Fungua la kwanza mwenyewe."
Imenichukua saa nzima. Saruji yangu ilikuwa nzuri, kwa bahati mbaya. Jiwe la mwisho liliposukumika kwa ndani, hewa ya chini ya nyumba imetoka ikanipiga usoni, nzito, yenye harufu ya viazi vilivyosahaulika ghalani. Jeruto ameinama karibu nami akanusa.
"Miaka sita hiyo," amesema.
Kufikia jioni yalikuwa yamefunguka matano.

Jumatano, 28 Mei
Mvua: hakuna. Yote manane. Nyavu za chuma tulizikuta katikati ya mawe, zina kutu lakini ni nzima.

Jumanne, 3 Juni
Mvua: milimita 5.
Boriti mbili chini ya chumba cha Mugure zimekwisha. Jeruto ameingiza bisibisi hadi kwenye mpini. Anasema mvua mbili zaidi na kitanda kingeenda chini. Tumetoa kitanda chake, kabati, na sakafu yote. Chumba sasa ni shimo lenye kuta nne na dirisha.

Jumatano, 11 Juni
Mvua: milimita 2.
Boriti mpya ziko mahali pake. Ukuta umeanza kukauka. Amesema sakafu ya chumba hicho hataifunga hadi Agosti, ipumue. Tumerudia chai ya saa nne, ingawa hanisemeshi kama zamani.

Jumamosi, 14 Juni
Mvua: hakuna.
Becky amekuja. Jeruto amemtembeza kila chumba, akaruka kwa miguu miwili koridoni kumwonyesha, akamshusha hata kwenye boriti.
"Inakalika?" Becky ameuliza.
"Inakalika. Itatuzika sisi wote."
"Na ilikuwa inaoza kwa nini? Uzee?"
Jeruto amepangusa mikono. "Kutengeneza nimetengeneza. Hiyo ya kwa nini, mzee atakuambia." Akaenda kukagua gata ambazo hazikuhitaji kukaguliwa.
Ningeweza kusema uzee. Becky alikuwa amesharidhika. Badala yake nimemwambia yote, na kwamba nilimdanganya fundi, na kwamba yeye mwenyewe nisingemwambia kuhusu mguu kama si Micah. Nilijua ninampa sababu ya kunihamisha: mtu anayeozesha nyumba yake akiwa ndani, akinyamaza.
Becky amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha mama yake, miguu ikining'inia juu ya boriti.
"Baba, Mum hakupata joto."
Sikumwelewa.
"Nilipokuwa namuuguza alikuwa anavaa soksi tatu ukienda shule. Ukikaribia kurudi ananiambia nizivue, nizifiche. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, 'Baba yako alishinda kutwa nzima amepiga magoti kwenye matope. Nimwambie nini?'"
Nimeshika mlango. Nje Jeruto alikuwa akigongagonga gata iliyo nzima.
"Nyinyi wawili," Becky amesema, "mlikuwa mnafichana hadi baridi." Alikuwa akilia na kukasirika kwa pamoja.
Baadaye ameosha uso akarudi. "Kaa kwako. Nyumba nimeiona ni nzima, lakini si kwa sababu hiyo. Ni kwa sababu leo umeniambia kitu ambacho hakuna mtu alikuwa ananiambia. Ukirudia kunyamaza, nakuja na lori, na Micah atanisaidia kubeba."
"Micah atafurahi," nimesema.
"Sana."

Jumapili, 15 Juni
Mvua: hakuna.
Becky amelala hapa, mara ya kwanza tangu mazishi. Ameondoka saa tisa.

Ijumaa, 20 Juni
Mvua: milimita 1.
Siku ya mwisho ya Jeruto hadi Agosti. Anakwenda Naivasha kwenye nyumba nyingine. Amefunga sanduku, akasimama. "Mzee, yule wa Naivasha nitamuuliza mara mbili kila kitu. Wewe ndiye umeniharibu." Lakini amecheka, na amenipa mkono.
Nimekaa barazani hadi pikipiki isisikike tena, na kidogo zaidi.

Jumanne, 24 Juni
Mvua: hakuna. Korido imekauka.

Jumatano, 25 Juni
Mvua: hakuna. Sikuongea na mtu. Micah aliacha maziwa mlangoni nikiwa shambani.

Jumatatu, 30 Juni
Mvua: hakuna. Jumla ya msimu: milimita 611.
Baridi imeanza. Hewa inapita chini ya nyumba, na ukiketi kimya unaisikia kwenye vifundo vya miguu. Sina la kulalamikia. Paa ni zima, sakafu ni nzima, nimebaki mahali nilipotaka kubaki.
Saa kumi na moja nimempigia Becky. Si siku yetu ya simu, akashtuka. "Umeanguka?"
"Hapana. Sijaanguka. Ni upweke tu. Nimeona nikuambie."
Nilisikia televisheni ya kwake, na mlango ukifungwa, televisheni ikawa mbali.
"Sawa, Baba," amesema. "Niko. Umekula nini?"
Nimemwambia. Ameuliza niliweka vitunguu vingapi. Tumeongea hadi jua likazama, na sehemu kubwa ilikuwa ni mambo ya mboga.